Nani Anasimama Mbele ya Mama Suzanne

Bunia, Bigo, tarehe 18 Februari 2024

Yaya Gaspard,

Pokea salamu za nyumbani, zangu na za kila anayepita getini na kuniuliza kama baridi ya Ulaya imekumaliza. Nawajibu kwamba kaka yangu ni mgumu, baridi yenyewe ndiyo itachoka. Mimi ni mzima. Baba mdogo Adrien naye ni mzima, ukiacha goti lake. Goti hilo haliwezi kupanda ngazi za kanisa, lakini kila Jumapili linafika kwangu sawasawa na chakula kinapoiva. Maharage yamekubali mwaka huu. Mwambie wifi yangu Hélène kwamba picha ya Orly na sare ya shule nimeibandika sebuleni, na wageni wote wanasema mtoto amechukua paji la uso la mama yetu.

Umetaka tuandikiane barua kwa imeili badala ya simu, nami nimekubali. Kwa simu tunapigiana kelele mpaka salio linakwisha. Kwa barua angalau kila mtu anamaliza anachosema.

Basi mimi naanza. Tulipomaliza matanga ya mama, baraza la familia liliketi palepale uani, chini ya turubai, na baba mdogo Adrien akatamka mbele ya wote: nyumba hii ya vyumba sita, ambayo mama aliifanya nyumba ya wageni baada ya baba kufariki na kuipa jina lake, Mama Suzanne, niishike mimi mpaka mwisho wa mwaka. Ikijilisha, ibaki. Ikishindwa, iuzwe. Wewe mtoto wa kwanza ukapewa hati uziweke, ukarudi nazo Liège. Ulisema "sawa". Nilikusikia, na watu wengi walikusikia.

Tatizo ni kwamba wanaokuja ni wale tu waliomjua mama, na wengi wao wamezeeka, hawasafiri tena. Tovuti uliyomtengenezea miaka ile ipo, lakini ni kama duka lililo nyuma ya duka: hakuna anayefika. Wewe ndiye mwenye kazi ya mambo haya katika hiyo kampuni yenu ya kuuza viatu kwa intaneti. Nionyeshe njia. Sikuombi huruma, yaya, nakuomba ufundi wako.

Na ulijue hili mapema ili tusichoshane: mimi katika nyumba hii sitoki.

Mdogo wako,
Gracieuse

Liège, tarehe 9 Machi 2024

Mdogo wangu Gracieuse,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye treni, na mzee wa kando yangu alinitazama kwa sababu nilicheka kwa ajili ya goti la baba mdogo. Huku sote tu wazima. Hélène amebadilishiwa zamu hospitalini, tunaonana mlangoni kama mlinzi wa mchana na wa usiku. Orly anajifunza kuogelea. Baridi bado ipo, na hapana, haijachoka.

Umeomba ufundi, chukua. Kazini kwetu hatuanzi kwa kuipamba tovuti. Tunaanza kwa kuuliza: mteja akiandika maneno fulani kwenye Google, ni nani anayetokea mbele yetu? Huyo ndiye mshindani, hata kama hauzi viatu. Kuna mwaka tulikuwa tunauza vizuri viatu vyote isipokuwa vile vya watu wenye maumivu ya kisigino. Tukayachunguza maduka yote ya viatu ya mji, hatukuona kosa. Kumbe aliyetuzibia njia alikuwa daktari mmoja wa miguu aliyeandika makala juu ya kisigino. Watu walimwuliza Google habari ya maumivu, Google ikawapeleka kwa daktari, nasi tukabaki na viatu vyetu kwenye maboksi.

Kwa hiyo usinililie kwamba wageni hawaji. Nitajie kwanza washindani wako ni akina nani. Ukiwajua, tutazungumza. Usikimbilie kujibu.

Nakuambia ukweli, sina matumaini makubwa. Bunia si Liège. Watu hawaji Bunia kutembea. Lakini jaribu, usije ukasema hukupewa nafasi.

Kaka yako,
Gaspard

Bunia, tarehe 27 Machi 2024

Yaya,

Uzima upo. Mvua imekuja kwa hasira, barabara ya kuteremkia sokoni imekuwa sabuni. Mtoto wa jirani amebatizwa, nimekula mpaka nikaona haya. Mwambie Orly asiingie majini huku ametoka kula.

Umesema nisikimbilie, nami sikukimbia, nilitembea kwa miguu. Washindani wangu hawa hapa. Kwanza, hoteli ile yenye jenereta kubwa karibu na bulvadi, barabara kuu ya mji, ambako hata ndugu zetu wenyewe wanapeleka wageni wao ili waonekane. Pili, masista, ambao wana vyumba safi na malango yanayofungwa mapema, na Mungu yuko upande wao, sina la kufanya. Tatu, na huyu ndiye mbaya, Mama Clémence wa mtaa wa Shari. Anawapikia wageni samaki wa ziwani, halafu anawaambia kwamba kwangu tangu mama afe hakuna maji. Maji yapo! Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikamwambia.

Sasa habari njema. Nimechukua simu yangu, nimeandika "maison d'hôtes Bunia", nyumba ya wageni Bunia, na aliyetokea wa kwanza juu kabisa ni nani? Ni sisi. Mama Suzanne! Nimejaribu asubuhi, nimejaribu mchana, ni sisi tu. Nimewaambia wenzangu wa kwaya, wamepiga vigelegele. Kwa hiyo tovuti yako haina ubaya, yaya, na wale wote watatu wako chini yetu. Sielewi tu kwa nini vyumba bado havina watu.

Gracieuse

Liège, tarehe 30 Machi 2024

Gracieuse,

Sote wazima. Sina muda mrefu leo.

Simu yako inakujua. Kila siku unafungua tovuti hiyohiyo, kwa hiyo ukiuliza, inakupa unachokipenda. Ni kama muuza nguo anayemwambia kila mteja kuwa gauni limemkaa. Umejitazama wewe mwenyewe ukajipigia vigelegele, na kwaya nzima ikakusaidia.

Mama Clémence wa Shari hana tovuti. Huyo ni mgomvi wako wa mtaani, si mshindani wako kwenye Google. Mwache na samaki wake.

Tafuta kompyuta ya mtu asiyekujua. Na usiandike maneno unayoyapenda wewe. Waulize watu wao wangeandika nini.

Gaspard

Bunia, tarehe 12 Mei 2024

Yaya Gaspard,

Salamu za Pasaka zimechelewa, zipokee hivyohivyo. Baba mdogo Adrien alilazwa kidogo kwa malaria, ametoka, na dalili ya kupona ni kwamba amelalamikia chumvi. Kisima cha uani nimekifunika upya kwa zege.

Barua yako ya mwisho ilinichoma, lakini ulikuwa na haki. Nilikwenda nayo kwa Fanny. Unamkumbuka Fanny, niliyesoma naye? Ana ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Nilipomsimulia, alicheka mpaka akashika meza. "Weye ulijiangalia mu kioo," akasema, "ukasema uko muzuri kupita banamuke bote ba Bunia, na mule mu kioo uko weye peke!" Halafu akanipa kiti mbele ya kompyuta yake.

Nikashinda pale siku kadhaa. Kila aliyekuja kutoa fotokopi nilimwuliza: kama ungekuwa unakuja Bunia na huna ndugu, ungeandika nini kwenye Google? Yaya, katika tovuti ya mama uliandika kila mahali "maison d'hôtes de charme". Sijampata mtu hata mmoja wa Ituri anayetafuta "charme", huo mvuto wako. Wanaandika "fasi ya kulala Bunia". Wanaandika "chambre propre Bunia", chumba safi. Mwalimu mmoja aliandika "logement calme", malazi ya utulivu, halafu akanitazama kwa aibu, sijui alifikiri nini. Na bwana mmoja kutoka Mahagi, Willy, ambaye mke wake alikuwa anapelekwa kutibiwa Nyankunde, aliandika kwa kidole kimoja: "kulala Bunia kabla ya kwenda hospitali Nyankunde".

Ndipo nikawaona washindani wangu kwa mara ya kwanza. Kwenye "chambre propre" kuna tovuti kubwa za nchi za mbali zinazouza vyumba vya dunia nzima, zimejipanga kama ukuta. Sisi tuko ukurasa wa tatu. Masista hawapo kabisa. Kwenye neno "Bunia" peke yake, yaya, sikuona hoteli wala sokwe wa watalii. Niliona vita. Juu vita, katikati vita, chini vita, mashambulizi, watu wakikimbia na magodoro. Ni kweli yametokea, sitasema ni uongo, tumewazika watu. Lakini siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimeamka, nimefua mashuka, nimegombana na muuza makaa. Nilijiambia: kumbe huyu ndiye mshindani wangu mkubwa. Sisi tunaoishi Bunia tuko ukurasa wa tatu.

Nililia kidogo, halafu nikakasirika, na hasira ikanisaidia. Nikaandika maneno ya bwana Willy. Mbele yetu hakuna mtu! Hospitali yenyewe inatokea, ni haki yake, lakini wa kumwambia msafiri alale wapi kabla ya kufika hayupo hata mmoja. Basi nikaandika ukurasa mpya, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha hapa kwetu, kwa ajili ya watu wanaosindikiza wagonjwa. Nimewaambia kwamba jiko liko wazi wampikie mgonjwa wao anachokipenda, kwamba kuna kamba ya kuanikia na maji ya moto, kwamba gari la alfajiri linapita getini. "De charme" nimeifuta yote, usinune.

Wameanza kuja. Jana vyumba vinne vilikuwa na watu. Mama mmoja wa Aru alipika sombe ya majani ya muhogo usiku kucha kwa ajili ya mwanawe na nyumba nzima ikanukia kama wakati wa mama.

Jambo la mwisho. Juma lililopita walikuja wanaume wawili wenye mita ya kupimia, wakapima kiwanja kutoka kwenye mwarobaini mpaka kwenye choo. Nikawauliza wametumwa na nani. Mmoja akasema, "Siye tunapima tu, mama. Mwenyewe anajua." Nikamwambia mwenyewe ni mimi, na mimi sijui. Waliondoka bila kuaga. Yaya, unajua lolote?

Gracieuse

Liège, tarehe 30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Orly alikuwa na mitihani, halafu Hélène aliugua mgongo, halafu kazi. Sasa kuna joto, watu wanalala kwenye nyasi za bustani kama ng'ombe walioshiba. Tu wazima.

Nimeuona ukurasa wako wa Nyankunde. Ni mzuri. Umeandika kama unavyosema, na Google haichukii hilo. Sikutegemea, nakiri.

Kuhusu wenye mita, Bunia watu wanapima kila kitu siku hizi, usijisumbue.

Ushauri wangu mmoja tu: endelea na maneno ya namna hiyo, ya wagonjwa na safari. Usipoteze muda kutafuta jina la nyumba yenyewe. Hakuna anayeandika jina.

Msalimie baba mdogo.

Gaspard

Bunia, tarehe 9 Julai 2024

Gaspard,

Tu wazima. Baba mdogo mzima, goti lake zima, maharage mazima. Salamu zimekwisha.

Uliniambia nisitafute jina la nyumba. Tangu utotoni, ukiniambia nisifungue kabati najua biskuti ziko humo. Nilikwenda kwa Fanny siku ileile, nikaandika "Mama Suzanne Bunia".

Wa kwanza hakuwa sisi. Wa kwanza ni tangazo. "Nyumba inauzwa, Bunia, mtaa wa Bigo, vyumba sita, kisima, hati kamili, iliyokuwa nyumba ya wageni ya Mama Suzanne." Iliyokuwa! Mimi nilikuwa nimewaacha wageni wanakunywa chai humo ndani. Namba ya simu inaanza na namba za Ubelgiji, naijua kwa moyo kama ninavyoijua Baba Yetu. Na picha, Gaspard. Umeweka picha uliyoipiga siku ya kumaliza matanga. Turubai linaonekana pembeni. Viti vya plastiki vya kanisa vinaonekana. Ukikuza picha unamwona shangazi amejifunga kitenge cha msiba, anafuta macho, na juu yake umeandika "inauzwa".

Tarehe ya tangazo ni ya Januari. Kwa hiyo nilipokuandikia Februari, ulikuwa umeshatangaza. Ulinipa mwaka mbele ya watu, na nyuma ya watu ukaweka nyumba sokoni. Ulinituma nitafute washindani huku ukijua fika kwamba anayenizibia njia kwa jina la mama ni wewe. Ndipo nikaelewa kwa nini simu za wageni wa zamani wa mama zilikatika Machi. Watu waliotujua walitafuta jina, wakasoma "inauzwa", wakasema basi, Gracieuse ameshindwa, wakaenda kwa Mama Clémence. Nami nilimtukana Mama Clémence bure. Nimekwenda kumwomba msamaha. Amenipa samaki, na nimemla kwa uchungu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Unajua desturi ya hapa kwetu ndugu wanapotaka kuuziana nyumba kwa siri. Nimenunua rangi nyekundu na brashi pana. Ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, nimeuandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa kuliko mimi: NYUMBA HII HAIKO YA KUUZISHA. Chini yake nimeandika kwa Kifaransa pia, ili na wenye mita waelewe.

Baba mdogo Adrien alifika akiburuta goti. "Gracieuse," akasema, "mwanamuke haandikake ku ukuta wa baba yake. Batu bataseka siye." Nikamwambia, baba, ukuta aliujenga mama, na watu wacheke, wakicheka watasoma. Halafu nikampeleka kwa Fanny nikamwonyesha tangazo. Alisoma polepole, miwani puani. Alipofika kwenye picha alimwona dada yake analia, akavua kofia. Tukarudi nyumbani. Ndipo akaniuliza, "Rangi imebakia?" Nikasema imebaki. Akaandika jina lake chini ya maandishi yangu, kama shahidi.

Nimepiga picha ya ukuta, na jina la baba mdogo linaonekana. Nimeiweka kwenye tovuti katika ukurasa mpya, na kichwa cha ukurasa ni hiki: "Mama Suzanne, Bigo, Bunia: nyumba hii haiko ya kuuzisha, karibuni mlale." Kwaya imeutuma kwa kila mtu wa Bunia aliye Kinshasa, Kampala, hata huko kwenu. Wewe ndiye uliyenifundisha kumtambua anayesimama mbele yangu. Nimekutambua. Sasa kaa hapo juu, uone.

Gracieuse

Liège, tarehe 22 Septemba 2024

Gracieuse,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta.

Umeniaibisha. Hapa Liège watu wa Ituri tunajuana, na Jumapili baada ya misa mtu mzima kabisa alinijia na simu mkononi akaniuliza, "Muzee, huu ukuta si wa kwenu?" Orly alikuwa kando yangu. Aliusoma kwa sauti. Aliniuliza nani alitaka kuiuza nyumba ya bibi, nikasema sijui. Hélène alinitazama, na tangu siku hiyo hazungumzi nami ila juu ya takataka na bili. Mnunuzi naye, mtu wa biashara ya dhahabu, alitafuta jina la nyumba kabla ya kutuma wakili, akaukuta ukurasa wako juu ya tangazo langu. Alinipigia akasema yeye hanunui kesi ya familia. Umeshinda. Natumaini umefurahi.

Ulitaka niseme kwa nini, ingawa hukuuliza. Nitasema.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, naandika neno moja: Bunia. Nimefanya hivyo tangu nilipotua huku. Uliona kwa Fanny kile ninachokiona mimi kila siku. Wewe ulikiona mara moja ukalia, halafu ukaenda kupika. Mimi sina pa kwenda. Nakisoma, napanda treni, nakaa kazini nikihesabu ni mtaa gani, umbali gani na Bigo. Usiku mama alipokuwa anakufa nilikuwa nasoma habari za barabara iliyofungwa, nikijua sitafika kwa wakati. Nilifika kwenye matanga, si kwenye kifo. Nikasema moyoni, huyu aliyebaki sitamzika kwa kusoma.

Nyumba ikiuzwa, hungekuwa na pa kukaa. Usingekuwa na la kufanya ila kuja. Sehemu yangu ningekupa yote ya safari. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, na sikuyasema kwa sababu nilijua utanicheka.

Nilikosea kwa picha ya shangazi. Hilo nalikubali peke yake.

Gaspard

Bunia, tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya wangu Gaspard,

Salamu nyingi, na leo zote ni za kweli. Tunavuna mahindi. Baba mdogo Adrien ameota ndoto kwamba goti lake limepona, akaamka akalijaribu, akaanguka kwenye kikapu cha vitunguu, hakuumia. Fanny anaolewa Desemba, nimemsuta kwamba ameharakisha. Mwambie Orly kwamba bibi yake angefurahi kusikia anasoma Kiswahili kwa sauti, hata kama alichosoma kilikuaibisha.

Sikukucheka, yaya. Nilisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, na mgeni mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa sijui kwamba kila asubuhi unaamkia huko. Pole. Pole sana, nasema kwa moyo wangu wote, na ningekuwa karibu ningekupikia chai.

Lakini kunihurumia hakukupi haki ya kuiuza nyumba, na mimi sikubali kuhamishwa kama godoro kwa sababu mtu ananipenda. Ulitaka kunitoa Bunia kwa kunikosesha paa. Hata wale tunaowakimbia ndivyo wanavyofanya, yaya, na wao hawasemi kwamba wanatupenda. Mimi vita ninavijua kuliko Google. Najua siku ya kufunga geti na siku ya kulifungua, najua mlio upi ni wa risasi na upi ni wa bati. Nikiogopa, naogopa nikiwa kwangu. Wanaolala hapa wakienda Nyankunde nao wanaogopa, na wanahitaji mtu aliyebaki.

Ukiandika "Bunia" kesho asubuhi, ongeza neno moja mbele. Andika "kulala Bunia". Nimeuliza watu wa Kampala na Kinshasa wajaribu kwa simu zao, simu zisizonijua. Tumefika ukurasa wa kwanza, chini kidogo ya zile tovuti kubwa. Utaniona hapo mimi na mashuka yangu kwenye kamba. Kahawa yako itashuka vizuri zaidi.

Baba mdogo amekwisha kuwaita wazee, hakungoja Desemba. Walikuja bila taarifa, wakakuta vyumba vyote vimejaa na wao wenyewe wakakosa pa kukaa, wakafanyia baraza barazani wamesimama. Wamesema inajilisha. Wamesema hati zirudi Bunia.

Nimelitafuta tangazo lako. Halipo tena. Barua yako haikusema kama umelitoa, nami sikuulizi.

Ila ukutani sifuti. Baba mdogo ameniomba, kwa sababu jina lake linasomwa na kila anayepita na pikipiki. Padre ameniomba kwa upole. Wageni wengine wanadhani ndilo jina la nyumba. Nimewajibu wote kwamba yale maandishi yatafutwa na mtu mmoja tu, yule aliyenifanya niyaandike, kwa mkono wake, akiwa amesimama Bigo na hati kwapani. Nilichagua rangi ya mafuta, yaya, haitoki kwa maji wala kwa maombi. Itabidi ukae siku kadhaa.

Mdogo wako,
Gracieuse